Sentensi Niliyoinakili Bila Kukosea

Karagita, Naivasha
Alhamisi, baada ya kazi

Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama na boma lote la Subukia. Masikio yanaendeleaje? Mama aliniambia kwa simu kwamba daktari wa Nakuru alisafisha la kushoto lakini bado husikii kitu upande huo. Nimesikitika. Je, goti la Mama? Na yule ng'ombe mweupe aliyekuwa karibu kuzaa, alizaa salama? Kahawa imeanza kuwa nyekundu ama mvua imeichelewesha? Mimi ni mzima wa mwili. Sina homa, ninakula, ninaenda kazini na kurudi. Kuhusu afya yangu sina la kuongeza kwa leo.

Barua yako niliipokea Jumamosi iliyopita kwa mkono wa Baba Kim, alipoleta kabichi hapa sokoni. Pamoja nayo ulikuwa umerudisha ile yangu ya mwezi uliopita, imejaa kalamu nyekundu kama kawaida, na pale chini umeandika, "Saba kwa kumi. Punguza koma." Nekesa, jirani yangu wa chumba cha pili, ambaye anafanya kazi ya kupanga maua kwa gredi kule shambani tunakofanya kazi, aliiona mezani akacheka hadi akaketi sakafuni.

"Karani mzima, na bado unasahihishiwa barua ya nyumbani! Ukipata sifuri unarudia darasa?"

Nilicheka naye kidogo. Hiyo ilikuwa Jumamosi.

Uliniuliza jambo moja. Ulisema kanisa limeipa shule yako ya zamani kompyuta mbili kuukuu, zinatumia Linux kama zile za ofisini kwetu, na mwalimu mkuu mpya amekuomba wewe mstaafu uwafunze watoto kupiga taipu. Unataka kujua jinsi ya kuweka programu ya taipu bila kuharibu mashine. Uliandika hivi: "Wewe ndiye mtaalamu wetu sasa. Nieleze hatua kwa hatua, nami nitazinakili ubaoni."

Nimeanza kukujibu mara tatu na mara tatu nimerarua karatasi. Siwezi kukueleza jinsi ya kufanya jambo hilo vizuri nikaficha jinsi nilivyolifanya mimi Jumanne. Kwa simu haingewezekana, kwa sababu ningemwambia Mama, naye angekupigia kelele sikioni, na majirani wote wangekuwa na habari kabla ya chai. Naomba usome peke yako kwanza. Kisha umsomee Mama utakavyoona inafaa.

Kazi yangu unaijua kwa jina tu. Ofisi yangu ni chumba kidogo chenye dirisha la kioo linalotazama ukumbi ambamo waridi hupangwa kwa urefu na kufungwa kwenye maboksi. Kila boksi lazima liwe na lebo: aina ya ua, urefu, idadi ya mashina, mnunuzi, siku ya kukatwa. Mimi ndiye ninayechapisha hizo lebo. Boksi lisilo na lebo haliingii kwenye lori, na lori la uwanja wa ndege huondoka saa tisa alasiri. Haya tu ndiyo unayohitaji kujua. Na kwamba kandarasi yangu ni ya miezi sita, na inakwisha mwisho wa mwezi huu.

Kompyuta zilibadilishwa miezi miwili iliyopita. Zile programu za zamani zilikuwa za kunakiliwa kiholela, virusi vilikuwa vimejaa, na meneja akaamua tuhamie kwenye Linux, ambayo haiuzwi na ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuifungua aone ilivyotengenezwa. Aliyeileta ni Mama Chebet, fundi kutoka Nakuru. Ni mama wa umri wako hivi, alikuwa mwalimu wa taipu zile za chuma, na shule ilipoacha kufundisha taipu akajifunza kompyuta mwenyewe akafungua duka. Ungempenda. Anavaa miwani miwili, mmoja machoni na mmoja kichwani, na huwa anautafuta ule wa kichwani.

Siku ile ya kwanza aliniketisha akaniambia, "Karani, sikiliza. Hii mashine ina ghala lake. Programu unayotaka, iko humo, na kuna watu wameikagua kabla haijawekwa. Dawa ya mtoto unanunua duka la dawa ama kwa mtu anayepita na begi kwa stendi?"

"Duka la dawa."

"Basi. Ukitaka kitu, ingia ghalani. Ukikosa, nipigie. Usiokote kwa barabara ya intaneti. Na ikikuuliza swali, soma lile swali. Watu hujibu mashine vile wanajibu padri kanisani. Hata hawajasikia amesema nini, lakini 'Amina' imeshatoka."

Kisha akaniandikia neno la siri la msimamizi kwenye kikaratasi, lile ambalo bila hilo hakuna programu inayoingia wala kutoka. Supavaiza wetu, Bwana Odhiambo, alitaka apewe yeye. Mama Chebet alimjibu, "Boss, wewe una haraka. Huyu msichana ana mwandiko wa mtu anayesoma. Yeye ndiye atashika funguo." Nilijisikia vizuri siku ile, Baba. Nilifikiri juu ya mwandiko wangu na aliyenifundisha.

Sasa Jumanne. Printa ya lebo ilikuwa imeharibika Jumatatu, na asubuhi ikaletwa mpya. Ndani ya boksi lake kulikuwa na sidii, lakini ilikuwa ya kompyuta za aina nyingine. Nilichomeka waya. Taa ikawaka, lakini karatasi haikutoka. Nilifungua lile ghala nikaandika jina la printa kama lilivyoandikwa mgongoni mwake, na herufi zote na namba zote. Ghala likasema hakuna kitu. Nikampigia Mama Chebet. Simu ilikuwa imezimwa. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa kwenye mazishi ya shemeji yake kule Mogotio.

Saa saba ikafika. Maboksi yalikuwa yamepangwa hadi mlangoni. Wanawake wa ukumbini walianza kugonga kioo changu.

"Karani, hizo lebo unazipika ama unazichapisha?"

"Wacha kumharakisha, anatafuta koma!" Huyo alikuwa Nekesa, na wote wakacheka, kwa sababu alikuwa amewasimulia kuhusu barua yetu.

Bwana Odhiambo hakucheka. Alisimama mlangoni akaangalia saa yake, akaondoka, akarudi. "Madam, lori ni saa tisa. Mimi sitaki kujua ni Linux ama ni nini. Nataka karatasi."

Basi nikaingia intaneti. Nikapata ukurasa wa mtu nisiyemjua, aliyesema kwamba alikuwa na printa kama yangu na amepata dawa. Alikuwa ameorodhesha mistari sita ya amri, na kusema uinakili kama ilivyo. Chini yake watu wengi walikuwa wamemshukuru. Mstari wa kwanza uliiambia mashine iongeze ghala la mtu huyo kando ya ghala lake. Niliona hivyo. Siwezi kusema sikuona. Mwishoni alikuwa ameandika kwamba mashine inaweza kukataa, na ikikataa, ikubalie inachotaka.

Nilichukua kalamu na karatasi nikaandika mistari ile yote kwanza, herufi kwa herufi, ili nisije nikakosea. Hivyo ndivyo ulivyotufundisha darasa la nne. Macho ubaoni, kalamu daftarini, nakili kama ilivyo, usiongeze na usipunguze. Kisha nikaipiga kwenye kibodi. Ikaniomba neno la siri. Nikaliandika.

Mstari wa sita ulipofika mashine ilisimama. Ikaleta orodha ndefu ya vitu ambavyo ingeviondoa, ikasema kwamba baadhi yake ni vitu ambavyo yenyewe haiwezi kuishi bila hivyo, na kwamba jambo ninalotaka kufanya linaweza kuleta madhara. Ikasema kama kweli ninataka kuendelea, niandike sentensi fulani kamili. Sentensi yenyewe ilikuwa ya Kiingereza, na maana yake ni: Ndiyo, fanya kama ninavyosema! Ilikuwa na alama ya mshangao mwishoni.

Niliiandika, Baba. Herufi kubwa mahali pake, koma mahali pake, alama ya mshangao mahali pake. Ilikubali mara ya kwanza. Nakumbuka nilifurahi kidogo kwamba sikukosea.

Maneno yalipita kwenye skrini kwa muda. Kisha picha zote zikapotea, madirisha yote, kila kitu nilichozoea kubonyeza, ikabaki skrini nyeusi yenye kimstari kinachowaka na kuzima juu kushoto. Nilikibonyeza kila kitufe. Nilizima na kuwasha. Kimstari kikarudi.

Sikulia na sikutetemeka. Nilitazama mikono yangu juu ya kibodi, na ilikuwa kama mikono ya mtu niliyeketi karibu naye kanisani. Bwana Odhiambo alifungua mlango akaiona skrini.

"Hii ni nini tena?"

Nikabonyeza kitufe kingine.

"Ulishika nini?"

Nikasema, "Sijashika kitu, imejizima yenyewe."

Ilitoka hivyo. Sikuipanga. Sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, na hilo ndilo ninaloendelea kulisikia.

Lebo ziliandikwa kwa mkono. Wanawake wanane walitolewa kwenye meza za gredi wakapewa kalamu za wino mzito, nami nikawasomea kutoka kwa daftari langu la oda. Lori liliondoka likiwa limechelewa na bila maboksi yote. Yale yaliyobaki yalilala kwenye chumba cha baridi, na mnunuzi akalalamika. Wanawake walirudi nyumbani giza likikaribia, na vidole vyeusi kwa wino, na hakuna aliyenilaumu. Nekesa alinishika mkono njiani akasema, "Pole, karani. Hizo mashine za bure ndizo hizo." Nikasema, "Ndizo hizo."

Jana, Jumatano, meneja alisema maneno hayohayo kwenye mkutano. Kitu cha bure ni kitu cha bure. Akasema Mama Chebet aje Ijumaa saa nne apewe barua ya kusimamishwa, na kompyuta zote, pamoja na zile mbili za zahanati ya wafanyakazi, arudishe zilivyokuwa kisha aende zake. Shamba letu ndilo sehemu kubwa ya kazi yake. Aliwahi kuniambia hivyo akinywa chai. Nilisikia mkutano wote nikiandika kumbukumbu zake, kwa sababu mimi ndiye karani. Niliandika jina lake na uamuzi juu yake kwa mwandiko mzuri.

Leo amekuja siku moja mapema, akitoka mazishini, na vumbi likiwa bado kwa viatu.

"Haya, tumwone mgonjwa." Akaketi, akatafuta miwani, nikamwonyesha kichwani. Akabonyeza vitufe fulani na ile skrini nyeusi ikaanza kumjibu. Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Hakuniuliza kitu. Akaandika amri fupi, na hapo, Baba, yakatokea yote niliyoyafanya Jumanne, mstari kwa mstari, na saa yake kando. Ile mashine ilikuwa imeandika kila kitu. Nilikuwa sijui kwamba huwa inaandika.

Alisoma polepole. Akaisoma tena. Kisha akasema bila kugeuka, "Ulijibu Amina."

"Ndiyo."

"Uliniambia nini mimi? Hapana, hukuniambia. Uliwaambia nini wao?"

"Kwamba imejizima yenyewe."

Akaomba chai. Nilipomletea, alikuwa amelifuta lile ghala la mgeni, ameirudisha mashine kwa ghala lake mwenyewe, na ilikuwa ikivuta upya vile vitu vilivyoondolewa. Kazi zangu zote zilikuwa salama, hazikuguswa. Baada ya muda picha zikarudi kana kwamba hakuna kilichotokea. Kisha akafungua lile ghala akaniambia nitafute printa. Nikaandika jina lote kama siku ile. Hakuna kitu.

"Hilo ni jina la mgongoni. Weka jina la kampuni peke yake."

Nikaweka. Ikaja. Ilikuwa humo siku zote. Tukabonyeza mara mbili, tukaweka neno la siri, tukangoja, na printa ikatema lebo iliyonyooka kabla chai yake haijapoa. Nilishika ile lebo, ikiwa na joto kidogo, na sikuhisi kitu.

Alichapisha ule ukurasa wenye mistari yangu na saa zake, akaukunja, akanipa. "Hii ni yako. Mimi kesho saa nne nitaitwa, na nitakaa kwa kile kiti, na sitasema. Mimi si mtoto wa kwenda kusema. Lakini wewe hiyo karatasi unayo."

Akaenda. Iko hapa mezani karibu na barua hii. Kandarasi yangu inakwisha mwisho wa mwezi. Wewe uliwaambia watu kanisani kwamba mimi ni karani. Nimekula, nimeosha sahani, nimechota maji. Sijui nitafanya nini kesho, na kinachonitisha zaidi ni kwamba sijisikii kama mtu asiyejua. Najisikia kama sijisikii.

Naiacha hapa.

Jumamosi asubuhi

Baba Kim atapita saa nne, kwa hivyo nimalize.

Jana niliitwa nipeleke kumbukumbu za mkutano. Ofisini alikuwepo meneja, Bwana Odhiambo, na Mama Chebet akiwa ameketi kwa kiti cha karibu na mlango, mkoba mapajani na mikono yote miwili juu ya mkoba. Meneja aliongea kwa upole. Akamwambia wanamshukuru kwa juhudi zake lakini shamba haliwezi kutegemea kitu kinachojizima chenyewe siku ya oda kubwa.

Mama Chebet alisema, "Sawa."

Neno hilo moja tu. Alianza kufungua mkoba atoe ufunguo wa kabati la kompyuta. Nilimwona akiutafuta, na miwani ilikuwa kichwani.

Nikasema, "Naomba kusema."

Meneja akasema, "Ngoja kidogo, madam."

Sikungoja. Nilitoa karatasi kwenye mfuko wa sweta nikaisoma. Nilisimama wima kama tunavyosimama darasani na kusoma kila mstari na saa yake, hadi ile sentensi ya mwisho, na alama yake ya mshangao nikaisema pia. Bwana Odhiambo ndiye aliyeongea kwanza.

"Lakini mimi nilikuuliza! Nilikuuliza kwa mdomo wangu!"

"Ndiyo. Uliniuliza. Nilidanganya."

Meneja alinyoosha mkono nikampa karatasi. Akaisoma mwenyewe. "Hii sentensi. Ulielewa maana yake?"

"Nilielewa kila neno."

"Sasa kwa nini uliiandika?"

"Kwa sababu iliniambia niiandike."

Bwana Odhiambo alicheka mara moja, kwa pua, akaacha. Meneja hakucheka. Alimwambia Mama Chebet aendelee na kazi, na akamwomba radhi, ingawa aliitamka haraka. Kisha akanigeukia. Akasema ningesema Jumanne ileile, lingekuwa kosa la mtu anayejifunza. Lakini, akasema, nilimwacha aandike barua ya kumfukuza mtu mwingine, na uamuzi huo niliuandika mimi mwenyewe kwenye kumbukumbu.

"Utamaliza mwezi," akasema. "Kandarasi haitaendelea."

Nikasema, "Asante." Sijui kwa nini nilisema asante.

Mama Chebet alinikuta nje ya geti nikimsubiri, naye akingoja boda boda. "Aki wewe msichana, umenitoa jasho. Nilikuwa nimeshaziaga zile kompyuta kwa roho yangu." Akanitazama. "Neno la siri nimelibadilisha."

"Ni sawa."

"Si kwa ubaya."

"Najua, Mama."

Akapanda boda boda, akaweka mkoba katikati yake na dereva, akasema, "Ukipita Nakuru, duka unalijua. Ingia tunywe chai." Sijalichukua kama ahadi, na nakuomba nawe usilichukue hivyo.

Nekesa aliposikia alisimama mlangoni kwangu amejishika kiuno. "Si ungenyamaza tu! Yule mama alishakubali! Sasa wewe na ukweli wako mtalipia nyumba na nini?" Kisha akaenda kwake akarudi na sahani ya ugali na sukuma wiki, akaiweka mezani kwa nguvu, na akakaa hadi nikamaliza. Nilihisi chumvi. Ilikuwa nyingi. Ni kitu cha kwanza nilichohisi tangu Jumanne.

Sasa nijibu swali lako, kama ulivyoniuliza, ingawa si kwa hatua za kunakili ubaoni. Kwanza weka nakala ya kazi zote kwenye flash, ili kikiharibika kitu, kisiende na kazi za watoto. Fungua lile ghala la programu ambalo limekuja na mashine yenyewe. Mle ndani tafuta kwa neno moja fupi, kama taipu kwa Kiingereza, na ukikosa, jaribu neno lingine fupi zaidi kabla ya kusema hakuna. Mimi nilisema hakuna mara moja tu. Chagua moja, soma inachosema inafanya, bonyeza, weka neno la siri, ngoja. Usichukue programu kwenye ukurasa wa mtu, hata kama watu mia wamemshukuru, kwa sababu hao watu mashine yao si yako. Usiongeze ghala la mgeni. Neno la siri ukae nalo wewe na mwalimu mkuu, watoto wawe na jina lao la kuingilia lisilo na nguvu hizo. Ukikwama, mpigie mtu, na kama hapatikani, acha mashine ikae hivyo hadi apatikane. Hakuna lori linalosubiri hapo shuleni. Na hata lingekuwepo.

Na mashine ikikuuliza swali, ondoa mikono kwenye kibodi uiweke mapajani, kama watoto wanavyokaa ukiingia darasani. Lisome mikono ikiwa hapo. Ndivyo ninavyofanya sasa, hata kwa maswali madogo, na wanawake wa ukumbini wananicheka kupitia kioo, wanasema karani ameanza kuombea printa.

Baba, sikulaumu kwa jambo lolote. Kunakili kama ilivyo ndiko kulikonipa mwandiko, na mwandiko ndio ulionipa kazi. Lakini nakuomba, ukiwa na wale watoto, uwaambie waseme kwa maneno yao sentensi inasema nini kabla hawajaiandika. Mimi ningeulizwa hivyo Jumanne, ningejibu vizuri. Ningesema, inasema itabomoa nyumba na mimi ndiye nimeagiza.

Nitakuja nyumbani mwezi ukiisha. Nitakuwa na begi moja na godoro. Mwambie Mama asiandae kitu wala asiseme kwamba nimekuja likizo. Wakiuliza kanisani, waambie nimemaliza kazi Naivasha. Kama huwezi kusema hivyo, sema ilivyokuwa.

Nisalimie shangazi, Tata Wairimu, anayepima maziwa pale kituoni, umwambie sweta aliyonifumia ndiyo niliyovaa jana ofisini. Nisalimie mwalimu mkuu mpya, ingawa hanijui. Nisalimie Shosho, nyanya yangu wa upande wa Mama, umshike mkono kwa niaba yangu kwa sababu haoni. Na Baba Kim umpe chai kabla hujafungua barua hii, asije akasimama akikutazama ukisoma.

Najua kalamu nyekundu iko karibu. Weka koma unavyotaka. Lakini humu ndani kuna sentensi moja ambayo haina kosa la herufi wala la sarufi, na ndiyo mbaya kuliko zote. Ni ile niliyomwambia Bwana Odhiambo mlangoni. Hiyo, Baba, izungushie duara, kisha nirudishie barua niione.

Ni mimi mwanao unayeniita mama kwa kuwa nimebeba jina la mama yako,

Wangui